Barafu ya Daktari Bushra Ndani ya Friza ya Mke Wangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimenunua daftari. Mtu anayekaribia kupanda cheo lazima aache kumbukumbu. Nami nakaribia.

Hapa kituoni imetoka nafasi moja ya msaidizi wa maabara. Ajira ya kudumu! Mimi ni mtunza stoo wa mkataba, mwaka wa tisa huu, mkataba wa miezi sita sita kama dozi. Kituo chetu kinachunguza matope ya ziwa, ndiyo maana watu wa Ilemela wanakiita Kituo cha Tope na mimi wananiita Bwana Tope. Msaidizi wa maabara haitwi hivyo.

Mpinzani wangu ni mmoja tu. Obedi, dereva. Ana miaka miwili hapa, lakini anajua kucheka mkubwa anapotania. Mimi huwa nachelewa. Mama Dorotea, mkuu wa kituo, amesema jina moja litakwenda wizarani baada ya Ijumaa.

Ijumaa kuna jambo. Amekuja Daktari Bushra kutoka Dar, mtafiti wa sakafu ya bahari. Msichana mdogo, miwani mikubwa. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya juu ili Obedi asikie. Yeye hakupewa.

Ijumaa huyo daktari atawaonyesha wanafunzi wa sekondari na wageni wa wizara barafu inayowaka moto.

Nimeandika sawasawa. Barafu. Inayowaka. Moto.

Niliuliza kama kuna mganga anayehusika. Akasema hapana, ni gesi, akatueleza pale pale stoo, amekalia kreti la soda. Kwamba nchi kavu haikatiki ghafla ufukweni. Inaendelea chini ya bahari kama uwanda, halafu inateremka mteremko mrefu hadi kilindini. Kwenye tope la mteremko huo vijidudu vinaozesha mabaki ya viumbe, na uozo unatoa gesi ya methani, ile ile ya samadi ya ng'ombe. Lakini kule chini kuna baridi, na maji yote ya juu yanakandamiza. Basi maji yanaizunguka gesi, yanaifungia kama kuku ndani ya tenga, yanaganda nayo. Ukiitoa juu na kuwasha kiberiti, tenga linayeyuka na kuku anatoka akiwaka. Ndoo moja ya barafu hiyo ina gesi ya kujaza ndoo mia moja na sitini! Aliyokuja nayo ameitengeneza mwenyewe maabara, ila ni sawa na ile ya baharini.

Nilielewa yote. Obedi akauliza kama hao kuku ni wa kienyeji au wa kisasa. Mama Dorotea akacheka mpaka akashika meza. Nikacheka na mimi, lakini wenzangu walikuwa wameshamaliza.

Nilimbebea daktari mizigo. Mabango, na keni ya chuma kama ya maziwa, inafuka moshi mweupe. Alinikataza kabisa kuifungua, akasema ndani kuna baridi ya kuunguza ngozi. Nikaituliza kwenye kona na kuondoka kinyumenyume. Kisha yeye mwenyewe akaweka kifurushi cha foili kwenye friza ya kituo, akabandika karatasi: BARAFU ZA MAONYESHO. ZISIGUSWE.

Friza iko stoo. Stoo ni yangu. Mungu hamtupi mja wake.


Jumanne, 15 Julai

Dhuluma! Daktari amemchagua Obedi asimame naye jukwaani. Eti ana mkono usiotetemeka. Wangu unatetemeka kwa sababu nabeba makreti. Nimemweleza hivyo. Akasema pole.

Nimekaa stoo nikatafakari maisha. Miaka tisa sijapoteza hata msumari, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Mwaka jana Obedi alipoteza ufunguo wa boti, akauona mwenyewe chini ya kiti cha gari, akapigiwa makofi na kununuliwa soda. Maana yake nini? Watu hawampendi anayetunza. Wanampenda anayepata kilichopotea.

Kwa hiyo lazima kitu kipotee.

Mpango: leo nachukua barafu. Kesho wanagundua haipo. Vilio. Obedi anashukiwa, kwa kuwa ndiye anayeshinda anaingia stoo kuomba maji baridi. Alhamisi naipata mimi, baada ya uchunguzi mkali. Ijumaa nani yuko jukwaani? Jumatatu nani ana barua ya ajira?

Saa kumi jioni nilikuwa nimeshaifungasha kwenye hotipoti yangu ya chakula. Bodaboda moja kwa moja hadi nyumbani Buswelu. Nilimwambia dereva aendeshe taratibu na asivute sigara. Akasema havuti. Nikamwambia asianze.

Mke wangu, Mama Queen, anauza barafu za watoto kwenye geti la shule ya msingi. Za ubuyu ni nyekundu, za nazi ni nyeupe. Friza yake imejaa. Nilifungua foili: vipande vitatu, kama mayai ya kuku, safi, vinang'aa. Nikavitia kwenye mfuko wa nailoni kama mifuko yake, nikafunga fundo kama lake, nikavizamisha chini kabisa kati ya zile za nazi. Mbuzi hufichwa kundini.

Mama Queen aliniuliza natafuta nini kwenye friza. Nikasema napunga joto. Akaniangalia. Alinijua kabla hatujaoana, hakuuliza tena.


Jumatano, 16 Julai

Hakuna aliyegundua.

Siku nzima! Hakuna mtu aliyefungua friza. Saa tatu nilimuuliza daktari kama ana wasiwasi wowote na barafu zake. Hana. Saa tano nikamshauri kwamba mwanasayansi makini hukagua. Akasema ananiamini mzee Mihayo. Neno hilo liliniingia vibaya. Saa saba nikamwambia Obedi kuna maji baridi kwenye friza. Akasema ana mafua.

Alasiri daktari alitupeleka ufukweni. Alichomeka mti kwenye tope karibu na matete, akautikisa. Mapovu yakapanda blub, blub. Akayakinga kwa chupa iliyojaa maji, ameipindua kichwa chini. Akasema hiyo ni methani ya ziwa letu. Nikaruka. Nikamuuliza basi barafu inayowaka si iko hapa hapa chini ya miguu yetu? Akacheka, si kwa dharau. Ziwa letu ni pana lakini halina kina kirefu, alisema. Penye kina kikubwa kabisa ni mita themanini hivi, na maji yake ni ya vuguvugu. Barafu ile inataka mamia ya mita za maji juu yake, na baridi ya kilindini. Hapa gesi haipati wa kuifungia mlango. Inatengenezwa, inapanda, inakwenda zake.

Anaeleza vizuri yule binti. Njiani alinisimulia jinsi alivyotapika siku nne mfululizo kwenye meli ya utafiti mbele ya Lindi, na bado akahesabu matope yake yote. Ijumaa atakuwa mbele ya wakubwa wa wizara kwa mara ya kwanza. Anaomba wamsaidie arudi baharini. Akasema hajalala vizuri.

Nimeamua: kesho asubuhi naipata. Sisubiri vilio.


Alhamisi, 17 Julai

Mkono unatetemeka. Si kwa makreti.

Asubuhi nilichelewa kuamka, nikasema nitairudia mchana. Saa nne Mama Queen akanipigia simu, kwa furaha, kwamba barafu za nazi zimekwisha zote getini, nimletee nazi nne nikirudi.

Zimekwisha zote!

Sikumbuki nilivyoondoka. Nakumbuka niko juu ya bodaboda nafanya hesabu: ndoo moja, ndoo mia na sitini. Sasa yai moja, ndani ya tumbo la mtoto wa darasa la pili?

Nilifika wakiwa mapumziko. Watoto zaidi ya mia uwanjani, wote wananyonya barafu. Nikapaza sauti kwamba kila mwenye barafu nyeupe anipe mara moja. Kosa. Wakaanza kumeza haraka. Nikawakimbiza. Nilizipata kumi na moja. Nikatoa kiberiti, nikachuchumaa, nikawasha moja baada ya nyingine. Njiti zinazimika chii, chii. Watoto wamenizunguka duara. Binti mmoja mdogo akaniinamia:

"Shikamoo baba. Barafu haiwaki. Tulifundishwa darasa la tatu."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Gladness, akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Nikasema nakagua ubora. Akauliza ubora wa nini, kwa kiberiti? Hapo Mama Queen akafika na kindoo chake, uso umemwiva.

"Baba Queen, umeniharibia biashara mbele ya wateja wangu! Una nini?"

Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwa kunong'ona kuhusu mfuko wenye vipande vitatu kama mayai. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

"Ule wa maji matupu? Nani atanunua maji matupu? Nimempa mzee Mashimba. Jino linamuuma tangu juzi."

Ee Mungu asante! Hakuna mtoto aliyemeza. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Mama Queen, nikamshukuru hata Mwalimu Gladness, ambaye alirudi nyuma hatua moja.

Halafu nikakumbuka mzee Mashimba.

Mzee Mashimba ni jirani yangu. Hatusemeshani tangu aliposogeza uzio wake inchi nne ndani ya kiwanja changu. Na mzee Mashimba anavuta sigara tangu akiwa kijana.

Nilikimbia. Miaka arobaini na saba, nikakimbia kama naitwa kula. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, kitambaa chenye barafu kimekandamizwa shavuni, sigara mdomoni, kiberiti mkononi. Njiti imetoka. Inakwenda kwenye ubavu wa kiberiti.

Sikutoa shikamoo. Niliruka.

Tulianguka wote wawili pamoja na kiti. Sigara ikaingia kwenye beseni la maharage ya mkewe. Mzee akalala chali, amenitumbulia macho.

"Mihayo! Kwa uzio tu unataka kuniua?"

Nikamwambia asivute, asisogee, barafu hiyo ni hatari. Akasema hata yeye ameishtukia. "Hii balafu inanong'ona," akasema. "Nimeiweka sikioni, inasema kla, kla. Nikajua tu umeitengeneza wewe." Kisha akatia kidole mdomoni. Akatema mkononi, na hapo kiganjani likawa jino, bovu, jeusi, zima na mzizi wake.

Tukaliangalia.

Akasema haliumi tena. Akagusa tena kwa ulimi. Kweli haliumi. Siku mbili hajala! Mzee Mashimba akanikumbatia tukiwa bado chini, akaniita mwanangu, akaahidi kurudisha inchi mbili za uzio. Mbili nyingine atafikiria.

Kwenye kitambaa kilibaki kipande kimoja kama punje ya harage. Nilikipeleka mbali, nikakiwashia njiti. Nikaomba. Kikatoa tone la maji, njiti ikazima.

Kwa hiyo imekufa. Gesi yote imetoroka. Kuku wameondoka.

Baadaye, saa kumi na moja: Nimepata wazo. Mama Queen amegandisha za nazi mpya. Kesho alfajiri nachukua tatu, natoa kwenye mifuko, nafunga foili ile ile, narudisha frizani. Kifurushi kitakuwepo. Kisipowaka, nani amekishika? Obedi! Si mimi.

Wazo zuri. Sijui kwa nini halinifurahishi.


Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa nimeshakunywa maji glasi tatu.

Saa moja asubuhi kifurushi kilikuwa mahali pake. Saa moja na nusu nilisimama mlangoni kwa daktari niungame kila kitu. Nilikuwa nimeshapanga sentensi ya kwanza. Mlango ukafunguka, akatoka Obedi na mabango, akaniuliza nimepotea? Nikasema napunga hewa.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi nyuma, wageni wa wizara mbele na maji ya chupa, Mama Dorotea katikati amevaa kitenge kipya. Daktari alianza sauti ikiwa ndogo, halafu ikapata nguvu. Alieleza jinsi meli inavyopiga sauti kuelekea chini, sauti inapenya tope na kurudi, na jinsi mahali barafu inapoishia na gesi iliyo huru inapoanzia panavyorudisha mwangwi mkali, ukijua kuusoma. Alieleza kwamba barafu hiyo inashikilia matope ya mteremko, na ikiyeyuka mteremko unaweza kuporomoka wenyewe kule gizani. Kwamba gesi hii ni mali, lakini pia ikitoka ovyo inazidisha joto la dunia. Ndiyo sababu ya kuipima kabla ya kuitamani. Mgeni mmoja wa wizara aliandika hilo. Mimi nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye soksi.

Kisha akasema, Obedi, lete kifurushi.

Obedi akakileta. Daktari akafungua foili. Akasita. Akainama, akanusa. Akainua uso na kuangalia ukumbi mzima, safu kwa safu, mpaka akanifikia mimi nimesimama mlangoni.

Sikuvumilia. Nikanyoosha mkono juu. "Daktari," nikasema, "ni mimi..."

"Ahsante, mzee Mihayo," akasema. "Nilikuwa nahitaji mtu. Njoo unishikie sahani."

Nikapanda jukwaani! Ndoto yangu ya wiki nzima, na miguu ilikuwa ya mtu anayepelekwa mahakamani. Nikashika sahani. Vipande vitatu vya nazi juu yake. Daktari akawasha kiberiti, akakisogeza. Chii. Akawasha cha pili. Chii. Ukumbi ukanuka nazi na iliki. Nyuma mwanafunzi akacheka. Nilifumba macho.

"Mmeona?" akasema daktari. "Hii ni barafu ya kawaida. Hata ukiichoma kutwa nzima, itakupa maji tu. Nimetaka muione kwanza, ili mjue tofauti. Sasa, Obedi, vaa glavu."

Nikafumbua macho. Obedi alikuwa anafungua ile keni ya chuma. Moshi mweupe ukamwagika mezani. Daktari akachukua koleo, akatoa bonge jeupe kama chokaa, akaliweka kwenye sahani nyingine. Njiti moja tu.

Likawaka.

Likawaka kweli! Mwali wa manjano, umetulia kama wa mshumaa, na chini yake maji yanatiririka kwenye sahani. Paa likataka kung'oka kwa makofi. Wageni wa wizara walisimama kupiga picha. Mama Dorotea alimshika mkono jirani yake ambaye hamjui.

Kwa hiyo nilichoiba kilikuwa maji. Maji! Yaliyogandishwa, ya kuonyeshea tofauti. Barafu halisi wiki nzima ilikuwa kwenye kona ya stoo yangu, nami nilipita mbele yake kila siku nikiinyenyekea bila kujua. Nililia. Jukwaani, mbele ya wote, sahani mkononi. Watu walidhani nalia kwa ajili ya sayansi. Wakanipigia makofi.

Baadaye daktari alikuja stoo peke yake, akafunga mlango. Akauliza swali moja: kwa nini maji yake ya bomba yana iliki? Nikamwambia. Karibu yote. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwenye mtandio, akacheka tena nilipofika kwenye jino. Halafu akawa mkali ghafla. Akasema ningeigusa keni ile kwa mikono mitupu, leo ningekuwa nahesabu vidole. Na yeye asingejisamehe. Akasema hatamwambia mtu.

Jioni Mama Dorotea akatuita mimi na Obedi. Wizara imesema nafasi ya msaidizi imeahirishwa hadi mwaka wa fedha ujao. Ila mikataba yetu yote miwili imeongezwa miezi sita. Miezi sita! Sijawahi kuipenda miezi sita kama leo. Nilimkumbatia Obedi. Alishtuka, lakini akanikumbatia na yeye. Ni kijana mzuri, ukimwangalia vizuri.


Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimeahidi mbele za Mungu: hila basi. Nimemwambia pia Mama Queen. Akasema amina, akaendelea kusuka nywele za Queen.

Usingizi wa jana ulikuwa mtamu. Leo nimekula ugali na sato mpaka nikalegeza mkanda. Mtu asiye na siri ni mwepesi kama unyoya.


Jumatatu, 21 Julai

Habari kubwa! Wizara imekubali ombi la Daktari Bushra. Mwezi wa kumi anarudi baharini, meli ya utafiti, majuma mawili mbele ya Lindi juu ya mteremko wenyewe. Na meli inataka mtunza stoo. Daktari ametuma ujumbe kwa Mama Dorotea: nafasi ni ya yeyote wa kituo atakayefaulu jaribio la kuogelea. Obedi ameshajiandikisha. Amelelewa Sengerema, ng'ambo, ziwani tangu utoto. Ananicheka.

Jaribio ni Alhamisi, kwenye bwawa la hoteli mjini. Msimamizi anatoka Dar, hatujui kwa sura. Mizunguko kumi bila kusimama.

Mimi siogelei. Maji yakinifika kiunoni huwa nasali.

Lakini mzee Mashimba, kumbe, alikuwa baharia wa kivuko miaka ishirini! Mwenyewe kanisimulia jana uzioni. Anaogelea kama mamba. Urefu wetu ni sawa. Miaka sitini na sita si mingi kwa mtu aliyelowa. Nimempa kitambulisho changu na bukta yangu ya bluu, na tumeshapatana kuhusu zile inchi mbili za uzio zilizobaki: zitakuwa zake.

Hii si hila. Ni ujirani mwema. Na nani atamkagua sura mtu aliye ndani ya maji?